Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kupanga Kozi ya Kiingereza cha Chuo kwa Wanafunzi Wanaotoka Nje

Hotuba hii niliitoa Mbeya, mbele ya walimu wa Kiingereza na wa stadi za mawasiliano kutoka vyuo vya Mbeya, Iringa na Njombe. Waliobaki kusimamia mitihani wameniomba niiweke yote. Nimeiandika kama ilivyosemwa. Picha za ukutani nimeziacha, maana hata ukumbini watu hawakuziangalia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakuu wa idara, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojipanga kule nyuma karibu na mlango: kamwene!

Naam, watu wa Iringa nimewasikia. Wenyeji wa Rungwe msininunie: ndaga fijo kwa mapokezi na kwa chai. Kwa baridi hii ya Juni, anayewapa watu chai kabla ya hotuba amefanya nusu ya kazi ya msemaji.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga kozi ya Kiingereza cha kitaaluma kwa wanafunzi wa kimataifa. Likitajwa neno hilo, "kimataifa", wengi wetu tunawaza Uingereza, darasa lenye Mchina, Msaudi na Mbrazili. Lakini nendeni Tunduma, mpakani na Zambia, asubuhi mkawaangalie wanaovuka na mabegi. Nendeni Kasumulu mkaitazame Malawi ng'ambo ya mto. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, inapita hapa hapa. Mei 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza kwamba jumuiya yetu ni eneo moja la elimu ya juu. Mwaka 2022 Kongo nayo ikaingia. Sasa tunashangaa nini tukimkuta mtoto wa Lubumbashi, wa Bujumbura au wa Kasama amekaa kwenye kimbwete, yale mabenchi ya chuo, anatafuta chumba namba fulani? Mwanafunzi wa kimataifa wa Nyanda za Juu Kusini ni jirani yetu.

Nina jambo moja tu la kusema leo, nitalizungusha mpaka mlichoke. Kozi ya Kiingereza cha chuo haipangwi kuanzia kwenye Kiingereza. Inapangwa kuanzia kwenye kazi ambayo mwanafunzi huyu ataombwa aifanye na mwalimu mwingine, katika chumba kingine, wewe ukiwa haupo. Narudia: mwalimu mwingine, chumba kingine, wewe haupo.

Nianze na kisa. Katika chuo ambacho sitakitaja alikuja kijana wa Lubumbashi kusomea uhandisi ujenzi. Kifaransa anakimudu, Kiswahili chake kile cha Katanga chenye ladha yake, Kiingereza alikisoma sekondari kama somo mojawapo. Siku ya kwanza akapewa mtihani wa kumpima: jaza nafasi, chagua jibu, geuza sentensi. Akafaulu. Wakamweka kwenye kozi ya Kiingereza muhula mzima, na muhula mzima akasoma nyakati za vitenzi. Akafaulu tena. Muhula wa pili, maabara, wakapewa kazi ya kupima nguvu ya zege. Wahandisi mnaijua: vipande vya mchemraba vya milimita 150 kila upande, vingine unavibana kwenye mashine mpaka vipasuke baada ya siku 7, vingine baada ya siku 28, halafu unaandika ripoti.

Kijana akaandika: asubuhi tulifika maabara, tulimkuta mwalimu, mwalimu alitueleza umuhimu wa zege, mashine iliwashwa, zege lilipasuka kwa kishindo kikubwa, sote tulishtuka, na mwisho tunamshukuru fundi sanifu kwa uvumilivu wake.

Mnacheka? Mwalimu wa uhandisi hakucheka hata kidogo. Hapakuwa na jedwali. Hapakuwa na tarakimu za mzigo uliolipasua zege. Hapakuwa na sentensi hata moja inayolinganisha siku ya 7 na siku ya 28, wala inayosema matokeo yale yanamaanisha nini kwa anayetaka kumwaga nguzo. Sarufi ilikuwa safi kabisa, kila kitendo kimekaa katika wakati wake. Sarufi safi, ripoti hakuna.

Sasa niwaulize, nani alifeli pale? Kijana alifanya kila alichofundishwa. Kozi ndiyo iliyomfundisha kitu ambacho hakuna mtu chuoni aliyekuwa anakihitaji kutoka kwake.

Fundi cherehani wa Mwanjelwa ukimpelekea kitambaa, anashika futi anakupima wewe: bega, kiuno, urefu wa mkono. Sisi walimu wa lugha tuna tabia ya kukipima kitambaa. Tunajua Kiingereza kina nyakati ngapi, vihusishi vingapi, tunavikata vizuri, halafu tunamvisha aliyeko.

Tom Hutchinson na Alan Waters, wataalamu wa kufundisha Kiingereza cha fani, mwaka 1987 waliyagawa mahitaji ya mwanafunzi wa namna hii katika mafungu matatu: anachotakiwa akiweze, anachokikosa kwa sasa, na anachokitaka mwenyewe. Miaka imepita na bado sijaona mgawanyo unaomsaidia mwalimu kwa urahisi kuliko huo. Hilo fungu la tatu tunalisahau. Kijana wa Lubumbashi ukimuuliza anataka nini atakwambia anataka kuongea, aweze kutaniana na wenzake bwenini. Ripoti ya zege hata haijamjia akilini. Ukimpa ripoti tupu atakususia, ukimpa maongezi matupu atapata sapu, arudie mtihani. Kozi inakaa katikati hapo.

Kwa hiyo kabla hujaandika mada hata moja, nenda idarani. Omba karatasi za mitihani za miaka mitatu. Omba asaimenti zote za mwaka wa kwanza. Omba majibu mawili ya swali moja, la aliyefaulu na la aliyepata sapu, majina yamefutwa. Halafu omba ukae kwenye mhadhara wao, nyuma kabisa, saa nzima, ukiandika wanafunzi wanafanya nini. Wanasikiliza? Wananakili? Wanapiga picha ubao kwa simu? Wanasubiri madesa, yale maandishi ya kunakili, ya mwaka jana? Kazi hiyo haihitaji fedha za mradi. Inahitaji miguu na moyo wa kuvumilia kunyimwa, maana wakuu wa idara wengine wakikuona unaomba majibu ya wanafunzi wanadhani umetumwa.

Na asiwepo wa kuniambia haya ni mambo ya Ulaya. John Swales, ambaye kila anayefundisha kuandika makala za kisayansi anamtaja, kabla ya kuwa jina kubwa katika vyuo vikuu vya Aston, Uingereza, na baadaye Michigan, Marekani, alifundisha Libya na Sudani. Alishakaa miaka mbele ya vijana wa bara hili wanaosoma sayansi kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwao. Na hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kitengo cha stadi za mawasiliano tangu mwaka 1978. Hatuanzi kwenye majani.

Jambo la pili, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vitabu vinavyotoka Uingereza vinatuacha njiani. Kitabu cha Uingereza kinachukulia kwamba mhadhara unatolewa kwa Kiingereza. Walimu wenzangu, tuko wenyewe, mlango umefungwa. Mhadhara wetu unatolewa kwa Kiingereza?

(Hapa ukumbi ulicheka. Sauti moja ilisema: "Nusu!")

Nusu. Ahsante kwa ukweli.

Kulikuwa na binti kutoka Kasama, kaskazini mwa Zambia, alikuja kusomea biashara. Kwao Kiingereza ndiyo lugha rasmi, amefundishwa kwa lugha hiyo tangu mdogo, na alipofungua mdomo hata sisi walimu tulijikagua. Akasamehewa kozi ya Kiingereza, tena kwa heshima. Tesiti ya kwanza, alama zake zikawa chini ya nusu ya darasa. Wakasema mvivu. Wengine wakasema anaringa.

Nenda ukae kwenye mhadhara wake. Mwalimu anasoma slaidi kwa Kiingereza, vizuri, neno kwa neno. Anafika penye ugumu, anashusha miwani, anasema: "Sasa jamani, hapa ni hivi. Mchukulie mama anayeuza viazi pale Igawilo. Leo gunia limepanda bei, wateja wamepungua. Atafanya nini?" Na dakika kumi nzima ni mama wa Igawilo, wateja wake, mkopo wake, mvua iliyoharibu barabara. Darasa linaelewa. Linacheka. Linaandika pembeni mwa daftari. Binti wa Kasama anayo slaidi, na slaidi haina mama wa viazi.

Na lile tangazo lenye thamani kuliko yote chuoni, "hapa msipadharau, hapa panaweza kurudi kwenye UE", yaani mtihani wa mwisho wa muhula, nani kati yenu amewahi kulisikia likisemwa kwa Kiingereza?

Simsemi vibaya mwalimu huyo. Ninamtetea. Mbele yake wako vijana waliosoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, wakaamka siku moja kidato cha kwanza wamebadilishiwa lugha ya kila somo. Clive Criper na William Dodd walipokuja kuchunguza hali hii na kutoa ripoti yao mwaka 1984, walikuta Kiingereza cha wanafunzi wetu wengi hakitoshi kusomea. Leo ukiwa mkweli utasema nini tofauti? Mwalimu anayegeukia Kiswahili penye ugumu anafundisha. Anayesoma slaidi tu ndiye anayetimiza ratiba.

Lakini mpangaji wa kozi lazima alione hilo, maana linawagawa wageni wetu. Wa Zambia na wa Malawi wanacho Kiingereza, hawana Kiswahili. Wa Katanga, wa Kivu na baadhi ya Warundi wanacho Kiswahili cha namna yao na Kifaransa, Kiingereza ndiyo kazi. Wa Msumbiji anayetoka mbali kusini, mwenye Kireno, anaweza kukosa vyote viwili, na huyo anaumia kimya kimya. Sasa wewe unawaweka wote katika chumba kimoja, kitabu kimoja, saa nane mchana baada ya ugali, eti kozi ya wanafunzi wa kimataifa. Ya kimataifa kivipi?

Kwenye kozi moja niliyoifuatilia kwa karibu walifanya mambo mawili. La kwanza, binti wa Kasama hakurudishwa kwenye Kiingereza. Alipewa saa za Kiswahili cha mhadhara: namna mwalimu anavyotoa mfano, anavyorudi kwenye mada, anavyotania, anavyoonya juu ya mtihani. Na alikalishwa na kijana wa Lubumbashi. Baada ya kila mhadhara kijana anamweleza kwa Kiingereza kile kilichosemwa kwa Kiswahili, dakika kumi na tano, chini ya mti, na binti anamsahihisha. Jamani, hiyo ndiyo ilikuwa kozi bora ya kuongea ambayo kijana yule aliwahi kuipata, na hakuna aliyeilipia.

La pili, waliwaomba walimu wa masomo kitu kidogo sana. Eleza kwa Kiswahili upendavyo, mlete mama wa Igawilo na ndugu zake wote, lakini kabla hujafuta ubao andika sentensi moja ya Kiingereza inayosema mfano ule umeonyesha nini. Sentensi moja. Wengine walikubali, wengine walisema hawana muda, mnajua watu.

Kwa waliokubali, unadhani nani alifaidika zaidi? Wageni walifaidika, ndiyo. Lakini aliyenifuata kushukuru alikuwa kijana wa Makete aliyetoka shule ya kata. Alikuwa anaelewa kila kitu darasani, anaelewa kwa Kiswahili, anaingia kwenye chumba cha mtihani ambako swali na jibu ni Kiingereza, na kile alichokielewa kinakosa mlango wa kutokea. Sentensi ile moja ndiyo ilikuwa mlango wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nasema kozi ya wageni ikipangwa vizuri hospitali yake inatibu nyumba nzima.

Jambo la tatu ni hesabu, na walimu wa lugha hatupendi hesabu.

Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 8 ni saa 80, ukiweka na zile za maktaba na za kujisomea usiku. Saa za uso kwa uso, tuseme tatu kwa wiki kwa wiki 14, ni 42. Toa wiki ya kwanza ambayo watu wanahangaika na usajili na bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu. Toa tesiti. Toa sikukuu. Una bahati ukibaki na 36.

Sasa weka pembeni yake namba nyingine. Baraza la Ulaya mwaka 2001 lilitoa ngazi sita za kupimia lugha, kutoka A1 hadi C2, ambazo leo zinatumika duniani kote. Watu wa Cambridge wanaotunga mitihani ya Kiingereza wanakadiria kwamba kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine kunachukua karibu saa 200 za kufundishwa. Mia mbili! Wewe unazo 36.

Kwa hiyo anayeandika kwenye mtaala kwamba "mwishoni mwa kozi mwanafunzi ataongea na kuandika Kiingereza fasaha", huyo anaandika nini? Anaandika sala. Na mimi siipingi sala, ila haiendi kwenye safu ya malengo ya kozi.

Mwenzetu mmoja, mchapakazi kweli, aliniletea mpango wa kozi wenye mada 22, kuanzia herufi kubwa na alama za uandishi mpaka kuandika tasnifu. Nikamwomba aulize kila mada swali moja: mwanafunzi asipolijua hili kabla ya wiki ya 6, litamletea sapu? Tulikaa naye mpaka jioni. Zilibaki mada saba. Alikuwa na uchungu kama mtu anayeuza ng'ombe wa babu yake.

Hapo ndipo unapoanza kupanga kinyumenyume. Waelimishaji wa Marekani, Grant Wiggins na Jay McTighe, mwaka 1998 waliufanya mtindo huo ujulikane sana: kwanza amua mwanafunzi aondoke anaweza kufanya nini, halafu amua utajuaje kwamba anaweza, mwisho kabisa ndiyo upange vipindi. Sisi tunaanza na vipindi, mtihani tunautunga usiku wa kuamkia mtihani.

Na mpangilio wa wiki usifuate rahisi kwenda gumu. Fuata lipi linabisha hodi kwanza. Mhadhara unaanza siku ya kwanza, basi kusikiliza na kuandika notisi kuwe wiki ya kwanza, hata kama ni kugumu. Tesiti ya kwanza iko wiki ya 5 au ya 6, basi kusoma swali na kujua linadai nini kuwe kumemalizika kabla ya hapo. Asaimenti ndefu inadaiwa baada ya nusu ya muhula, basi kusoma, kufupisha na kutaja chanzo kuwe kumeshaiva. Kuwasilisha mbele ya darasa kunakuja mwisho, basi kuje mwisho.

Mtaniuliza, sarufi je? Sarufi inakuja inapoitwa. Ripoti ya maabara inaita kauli ya kutendwa, kwa sababu msomaji hajali ni nani aliyelivunja zege, anataka kujua lilivunjwa vipi na kwa mzigo gani. Siku hiyo ifundishe kauli ya kutendwa, kwa nguvu zako zote, na itakaa. Ukiifundisha Machi kwa sababu kitabu kimefika ukurasa huo, Aprili imeshatoka.

Juu ya msamiati nitapita haraka. Averil Coxhead wa Victoria University kule Wellington, New Zealand, mwaka 2000 alipitia maandishi ya kitaaluma ya maneno milioni 3.5 ya fani mbalimbali, akatoa orodha ya familia 570 za maneno ambazo ziko nje ya yale 2,000 ya kawaida. Familia hizo zinachukua karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Kila neno la kumi! Orodha inapatikana bure, itumieni, ila msiibandike ukutani mkasema karirini. Chukueni maneno yake yaliyomo kwenye kitabu cha wiki hiyo cha somo lao. Na mjue kwamba maneno mengi humo yana asili ya Kilatini na Kigiriki, kwa hiyo Mrundi mwenye Kifaransa na wa Msumbiji mwenye Kireno wanayatambua kwa sura. Anayekutana nayo kama wageni kabisa ni Mtanzania. Mkiwachanganya darasani, kwa saa hiyo Mrundi ndiye mwalimu msaidizi.

Sasa nije kwenye kudesa, yaani kunakili maneno ya mtu. Naona kule nyuma vichwa vimeinuka.

Binti wa Burundi, mwanafunzi wa kilimo, alipewa asaimenti juu ya mnyauko wa viazi. Akaleta kurasa tano, na tatu kati ya hizo zilitoka kitabuni neno kwa neno, bila jina la mwenye kitabu. Akaitwa kwenye kikao. Mjumbe mmoja akamuuliza kwa ukali: kwa nini umeiba? Binti akashangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. Akasema: mwandishi ameshalisema vizuri kuliko nitakavyolisema mimi, sasa kwa nini mimi nije kuliharibu?

Hebu lifikirieni jibu hilo. Mwizi hujificha, na huyu hakujificha. Katika shule alizosoma, mtoto mzuri ni yule anayeyarudisha maneno ya kitabu bila kuyapunguza. Alikiheshimu kitabu. Na tusijifanye wageni wa jambo hilo, sisi ambao tulipita kidato cha nne kwa kukariri mpaka namba za kurasa.

Lakini kozi nyingi zinalipangia jambo hili nini? Kipindi kimoja wiki ya kwanza, kinaitwa wizi wa kitaaluma, na kinahusu adhabu: utafutiwa somo, utadisko, yaani utaondolewa chuoni. Mwanafunzi anatoka ameogopa, hajui bado la kufanya. Mimi nashauri muiondoe adhabu mbele, muweke zoezi, kila wiki, dakika ishirini. Wape aya moja ya somo lao. Waisome mara mbili. Wafunge. Waandike sentensi mbili za kwao zinazosema aya ile ilidai nini, na jina la mwenye dai, na mwaka. Wafungue walinganishe. Basi. Wiki za kwanza watalia, kwa sababu kulisema jambo la mtu kwa maneno yako katika lugha ya tatu ni kazi nzito kuliko insha. Ikifika wiki ya 8 wanakuwa wameshaizoea, na asaimenti zao zinaanza kuwa na sauti yao.

Na zile programu za akili bandia zinazomwandikia mtu insha wakati anapiga mswaki? Sina hotuba ndefu. Rasimu ya kwanza iandikwe darasani kwa kalamu, na ukimpa mtu alama muulize kwa mdomo maswali mawili juu ya chanzo alichokitaja. Anayejua atajibu, hata kwa Kiingereza kinachochechemea.

La mwisho nililolibeba ni hili: msifanye peke yenu. Chuo Kikuu cha Birmingham, Tim Johns na Tony Dudley-Evans walikuwa na wanafunzi wa uzamili kutoka nje, wa uchukuzi na wa biolojia ya mimea. Jaribio lao walilieleza mwaka 1980. Walirekodi mihadhara ya mwalimu wa somo, wakatengeneza maswali juu yake, halafu wakamkalisha mwalimu yuleyule darasani pamoja na mwalimu wa lugha na wanafunzi. Pembe tatu, kila mmoja anawasikia wengine wawili.

Huku kwetu niliona watu wawili wakijaribu kitu kinachofanana na hicho bila senti ya mradi, mwalimu wa lugha na mwalimu wa mazao, saa nne, kwenye chai na maandazi. Mwalimu wa lugha alimwomba mwenzake ajibu mwenyewe swali lake la mwaka uliopita, lililosema: jadili athari za mwinuko wa ardhi katika kilimo cha pareto. Mwalimu wa mazao akacheka, akachukua kalamu. Akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Mwisho akaweka kalamu chini akasema: "Kumbe mimi nilikuwa nataka wataje mambo matatu, halafu moja walieleze kwa kina." Mwenzake akamuuliza: "Sasa mzee wangu, hilo umeliandika wapi?" Swali la mwaka uliofuata lilisomeka tofauti. Hakuna kipindi cha Kiingereza, hata kiwe kizuri namna gani, kingeweza kuwafundisha wanafunzi kusoma kilichokuwa kichwani mwa mtu.

Mwenyekiti alinipa dakika chache za maswali. La kwanza lilitoka kwa dada mmoja aliyekaa katikati: "Mwalimu, hayo ni mazuri, lakini mimi nina wanafunzi 300 ukumbini, wageni kumi na wanne, na niko peke yangu. Nifanye lipi?"

Nilimjibu hivi. Usijaribu kusahihisha insha 300, utaugua. Wape wote zoezi la aya moja, wabadilishane daftari, wewe sahihisha thelathini tu kila wiki kwa zamu, na yale makosa uliyoyaona humo yafundishe kwa wote wiki inayofuata. Wale kumi na wanne wakusanye saa moja kwa wiki, wapange wawili wawili, mwenye Kiingereza na mwenye Kiswahili, uwape mhadhara wa wiki hiyo waufanyie kazi. Siku ya kwanza mpe kila mmoja swali halisi la idara yake alijibu kwa dakika thelathini, zifungie karatasi hizo kabatini. Wiki ya 14 wape swali la aina ileile. Ziweke karatasi mbili pamoja, mbele yake na mbele ya mkuu wa idara yake. Hicho ndicho kipimo chako, na ndicho utakachokwenda nacho kuomba mwalimu wa pili.

Akauliza: na wakikataa? Nikamwambia aende tena muhula unaofuata, na karatasi nyingine kumi na nne.